Wali Uliopikwa Kabla ya Matokeo

Mchele uingie sasa, au usubiri? Swali hilo lilininyima usingizi siku tatu kule kisiwani Nosy Be, nikiwa na shahada ya sheria, sufuria kumi na mbili, na watu wazima wakinitazama mikono. Sioni haya kuwaambia, kwa sababu juzi nyinyi mlikesha kwa maswali ya kipuuzi zaidi. Matokeo ya wabunge yaliposomwa nilikuwa barazani kwangu hapa mtaani Tsaramandroso, Mahajanga, nikawasikia mkimpigia vigelegele mtu ambaye wiki iliyotangulia mlikuwa mkimwita mwizi. Asubuhi yake mkanijia na aproni zenu mpya, zimeandikwa jina la kikundi, kuniuliza kama mpokee kazi ya kumpikia karamu ya ushindi. Sikuwajibu. Mkiwa mbele yangu hamsikilizi, mnatazama simu. Ndiyo maana nawaandikia, tena kwa Kiswahili nilichofundishwa na babu, maana mmeniambia mnajifunza ili muweze kuwapikia wageni wa Zanzibar na Mombasa. Haya, jifunzeni.

Nimepika karamu zaidi ya miaka thelathini: harusi, akika, maulidi, hitima. Niliingia jikoni kwa kukosa pengine pa kuingia. Nilirudi Mahajanga kutoka chuo kikuu cha Antananarivo mwishoni mwa miaka ya sabini, nikakuta nusu ya mtaa wetu haupo. Baada ya damu yetu Wakomori iliyomwagika hapa mjini, wengi waliosalimika walikuwa wamerudishwa visiwani kwa mababu, na sisi tuliobaki tulijifunza kutembea karibu na ukuta. Kila ofisi niliyoingia na cheti changu, karani alisoma jina langu kwanza na cheti baadaye, kisha akaniambia nirudi mwezi ujao. Nilirudi miezi mingi. Mwishowe shangazi alinishika mkono akanipeleka kwa Ma Sitti.

Ma Sitti alikuwa mpishi mkuu wa jamaa zetu, mwanamke mfupi aliyejifunga leso kiunoni kama anayekwenda kupigana. Hakuwa na kadi ya kupigia kura. "Nina upawa," alikuwa akisema, "na kwa upawa nimeona siri za watu kuliko waziri." Wanawake wake walinipa jina siku ileile ya kwanza: Lisansi, yaani shahada yangu.

"Lisansi, chumvi iko ukurasa wa ngapi?"

"Lisansi, kitunguu kina haki gani mbele ya sheria?"

Nilistahili. Mimi nilikuwa mtu wa kufikiri mpaka jambo likaharibika. Katika harusi yangu ya kwanza jikoni nilitia chumvi, nikaanza kujiuliza kama nimetia, nikapima pande zote mbili za hoja, nikaamua kwamba hatari ya chakula kisicho na chumvi ni kubwa zaidi, nikatia tena. Wageni walimaliza maji ya mitungi yetu, wakamaliza ya jirani, wakaingia kwenye birika za msikiti. Ma Sitti hakunigombeza. Alichukua kata ya chumvi akaifunika kifudifudi juu ya jiwe. "Ukishatia, pindua kata. Atakayekuja nyuma yako ataona. Na wewe mwenyewe utaona, maana wewe ndiye unayekuja nyuma yako." Fanyeni hivyo hata leo. Mnayo mizani ya betri inayopima mpaka vumbi, na bado maulidi iliyopita mlitulisha maji ya bahari.

Sasa kuhusu mchele, kwa sababu hapo ndipo nilipokwama. Nyama husubiri. Supu husubiri, tena ikisubiri huzidi utamu. Kitunguu ukishakikaanga kikawa rangi ya kahawia, kiweke siku mbili, hakilalamiki. Mchele ukishagusa supu hautoki tena. Kuanzia hapo una kazi ya saa mbili: moto mkali, kisha makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, magunia mabichi pembeni ili mvuke usitoroke. Kujua umefikia wapi usifunue. Weka ncha ya mpini wa upawa kwenye ubavu wa sufuria, ncha ya pili sikioni. Kwanza utasikia vurugu kama soko, halafu minong'ono, halafu kimya. Kimya kikifika, ondoa moto. Nyinyi mna majiko ya gesi na saa inayolia. Nimeisikia ikilia juu ya jiko ambalo mlisahau kuliwasha.

Ma Sitti alikuwa na sharti moja lililowaudhi matajiri: hapiki la kesho. Mtoto amezaliwa, tunapika. Ndoa imefungwa, tunapika. Mtu amekufa, tunapika. Aliyekuja kusema "nitakuwa" aliambiwa "ukishakuwa, njoo." Mbunge wenu ameshakuwa, kwa hiyo sharti hilo haliwazuii. Iliyotakiwa iwazuie ni aibu.

Sharti lenyewe alilivunja mara moja tu, na aliyemvunjisha ni njaa. Ilikuwa ile miaka ya themanini mwanzoni, mchele ukiwa wa foleni, watu wakipimiwa kwa kopo la maziwa, mwenye watoto sita anarudi nyumbani na kitu cha kufunika chini ya chungu tu. Ikaja barua kutoka Nosy Be. Msiu Amadi, yaani Bwana Amadi, mfanyabiashara wa mafuta ya mlangilangi, alikuwa anagombea ubunge, na alitaka pilau ya Mahajanga kwa watu mia nne siku ya ushindi wake. Mchele anao, kwa magunia. Utakaobaki tuondoke nao. Namna alivyoupata mchele huo katika miaka ile hakuna aliyeuliza, nami nasema kwa masikitiko kwamba hata mwanasheria aliyekuwepo hakuuliza. Ma Sitti alikuwa na wajane kumi na wawili waliokula jikoni kwake. Alikubali huku akimlaani mwandishi wa barua.

Lakini mguu wake ulikuwa umevimba, hawezi safari ya meli. Akanitazama muda mrefu, kwa huzuni.

"Utakwenda wewe. Wanasiasa ni watu wa maneno, na wewe ni mtu wa maneno. Tombo atakwenda nawe kushika moto."

"Ma Sitti, mimi bado sijui—"

"Najua hujui. Nisikilize. Ukichoma nyama nitakusamehe. Ukivunja sufuria nitakusamehe. Usinitupie mchele. Ukitupa mchele katika mwaka huu, usirudi kwangu, rudi kwa makarani wako."

Tombo, Msakalava mrefu asiye na haraka, alikwenda Belobaka, nje ya mji, na mkokoteni akachagua kuni za mkoko mwenyewe, kipande kwa kipande, akivigonga na kuvisikiliza. Tukapanda meli ya mizigo pamoja na wanawake wachache wa Ma Sitti na sufuria zetu. Njia nzima nilifikiri.

Msiu Amadi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kusifiwa na wanaokula kwake. Uani mwake watu walilishwa mara mbili kwa siku tangu kampeni ianze, samaki wa Ambondrona kwa mchuzi wa nazi, na wote waliondoka wakimwita mheshimiwa. Siku zile vyama vyote vilikuwa chini ya mwavuli mmoja, kwa hiyo wagombea walishindana kama ndugu wanaogombea kiti kimoja mezani kwa baba yao. Kura zilikwisha kupigwa tulipofika. Matokeo yalikuwa yanakusanywa kwa boti kutoka vijijini, na redio ingeyasoma Jumatano saa sita mchana.

"Nataka watu wasikie jina langu na wasikie harufu kwa wakati mmoja," Msiu Amadi aliniambia.

Maana yake mchele uingie saa nne asubuhi, kabla ya mtu yeyote kujua lolote. Mwenye akili ya kawaida angejiuliza swali moja: akishindwa, je? Mimi nilijiuliza arobaini. Nilichora jedwali la vituo vya kura. Nilihoji madereva, wauza samaki na mwadhini. Halafu nikagundua njia niliyoiamini kuwa ya kisayansi, nami nawaomba mnicheke sasa ili tumalize: nilihesabu viatu. Kwetu mtu haingii mkekani na viatu, anaviacha langoni. Kila mlo nilikwenda kuvihesabu. Jumapili vilifika kwenye kisima. Jumatatu vilipita kisima. Jumanne vilitoka nje ya lango hadi barabarani, na mama mmoja akaja kuuza karanga hapohapo.

"Anashinda," nilimwambia Tombo.

"Zandry," akasema, ndivyo wanavyomwita mdogo wao kwa Kimalagasi, "zile ndala zenye kamba ya bluu nimeziona asubuhi na jioni, siku tatu. Zina kura ngapi?"

"Huo ni mfano mmoja tu."

"Na zile zenye udongo mwekundu zimetoka ng'ambo, Ambanja. Zimepanda boti kuja kula. Kura zao ziko kwao."

Nilimweleza kwa utulivu kwamba makosa madogo madogo hujisawazisha yakiwa mengi. Tombo alinisikiliza mpaka mwisho, akapuliza moto wake.

Jumatano saa nne nilisimama juu ya sufuria ya kwanza na beseni la mchele uliooshwa. Nikitia na akashindwa, nimemtupia Ma Sitti mchele. Nisipotia na akashinda, watu mia nne watakunywa supu na kutafuna jina la Ma Sitti.

"Lisansi," mmoja wa wanawake wa jikoni akasema, "supu inakauka wewe ukifikiri."

Nikakumbuka viatu barabarani. Nikatia. Sufuria zote.

Saa sita redio iliwekwa dirishani. Msomaji alikwenda jimbo kwa jimbo bila haraka, kama anayesoma bei ya mafuta ya taa. Alipofika Nosy Be akataja jina la mwingine, bwana mmoja mkazi wa Antananarivo aliyekuja kisiwani mara moja wakati wa kampeni na hakushuka kwenye gari. Na tofauti haikuwa ndogo.

Sikilizeni watu wanavyopokea matokeo, maana mtayaona tena, na wengine wenu mtayafanya. Kwanza yule mwenye kipaza sauti, aliyemwimba Msiu Amadi mpaka sauti ikakauka, akaanza kukunja waya wake. Kijana mmoja alivua fulana yenye picha ya Msiu Amadi, akaigeuza nje ndani, akaivaa tena, macho yake yako juu kwenye minazi.

"Mimi nilijua tu," mmoja akasema.

"Hata mimi. Moyo wangu ulikuwa kule tangu mwanzo."

"Huyu alikuwa na majivuno."

Saa sita na dakika kumi hapakuwa na mtu kisiwani aliyempigia kura Msiu Amadi. Waliondoka wote, lakini taratibu, pua zikibaki nyuma, wakaenda kujipanga kwenye baraza ya Msiu Felisi, shemeji wa mshindi, mtaa wa pili. Kutoka jikoni tuliwasikia wakiimba wimbo uleule, jina limebadilishwa. Tatizo ni kwamba Msiu Felisi hakutegemea shemeji yake ashinde. Hakuwa ameandaa chochote ila makreti ya soda.

Msiu Amadi alikuja jikoni, tai imelegea.

"Fukieni," akasema.

"Nini, Msiu?"

"Chote. Chimbeni shimo nyuma ya nyumba, mfukie. Sitaki kumwona mtu anatafuna wali wangu huku ananicheka. Nilimpa kila mmoja wao sahani. Kila mmoja."

Nikaweka mpini sikioni ili nisimjibu. Sufuria zilikuwa kwenye minong'ono. Zilibaki dakika chache, na baada ya hapo pilau hiyo ingekuwa nzuri kwa muda mfupi tu, kisha ingekuwa uji wa kulishia kuku.

Kabla hajatoka akaingia Msiu Felisi mwenyewe na kofia yake ya majani, wanaume wanne nyuma yake wamebeba mabeseni. Hakumtazama mwenye nyumba. Alinitazama mimi.

"Binti, chakula ni chakula. Watu wako kwangu, wali uko hapa, huo ni upungufu wa mpango tu. Pakua, vijana watabeba. Tutasema mheshimiwa mpya ndiye aliyeagiza."

"Wali una mwenyewe, Msiu."

"Ulikuwa na mwenyewe." Akatabasamu. "Wewe ni Mkomori wa Mahajanga, sivyo? Karatasi zako za ukaazi ziko sawasawa? Siku hizi wanakagua sana. Nakupa dakika kumi."

Akatoka. Mnaniona niko hapa leo, kwa hiyo mnajua sikurudishwa popote. Dakika ile mimi sikujua. Baba yangu alizaliwa Mahajanga, mimi nilizaliwa Mahajanga, na bado karatasi zangu zilikuwa na mhuri mmoja ambao karani aliniambia nirudi mwezi ujao. Upande mmoja shimo, upande wa pili mabeseni ya mtu aliyenitishia. Ningefukia, ningekuwa nimemkosea Ma Sitti. Ningempa Felisi, wali ungeliwa, usingetupwa, agizo la Ma Sitti lingetimia, na mimi ningekuwa nimefanya walichofanya wale waliogeuza fulana. Nilipanga hoja. Nilipangua. Nilitaka karatasi na kalamu, kweli kabisa.

Mke wa Msiu Amadi, Bi Fatuma, alikuwa amekaa mkekani mlangoni mwa jiko, miguu kainyoosha, mtandio kichwani mpaka machoni. Sasa akasema, akimtazama mumewe kwa dharau ya miaka ishirini:

"Tandikeni mikeka basi, watu waje na mkono wa taazia. Nyumba imefiwa."

Alikuwa anamcheka. Lakini mimi niliacha kufikiri. Sijui ilikuwaje, labda fikra zote zilikuwa zimekwisha. Msiu Amadi alipotoka, nikamfuata uani.

"Msiu, sifukii nyama iliyochinjwa kwa bismillahi. Lete kiti chako kile kikubwa, kaa hapa katikati ya ua. Nitafungua lango. Anayetaka kula aje kwanza akupe mkono na pole, kama penye msiba. Hakuna sahani itakayotoka nje."

"Watakuja?" akauliza. "Wale?"

"Harufu imeshafika sokoni."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tufike, nikamwona akicheka bila kuangalia nani anamwona. Alikwenda kuleta kiti mwenyewe, akafunga tai vizuri.

Tombo aliondoa moto. Wanawake walitandika mikeka. Nikaenda langoni na upawa wangu, nikafungua mabawa yote mawili, tukafunua sufuria moja, moja tu, upande wa upepo.

Wimbo kwa Msiu Felisi ulipungua sauti moja, kisha tatu. Wa kwanza kuonekana kwenye kona alikuwa yule mwenye kipaza sauti. Alisimama mbele yangu, akatazama ndani, akaona kiti na aliyekikalia.

"Kuna nini?"

"Mkono kwanza, sahani baadaye."

"Kwani nani amekufa?"

"Kura yako, ndugu," Tombo akasema kutoka ndani. "Ingia."

Akaingia. Alitembea ua ule kana kwamba ni mrefu kama barabara ya Ambanja, akampa Msiu Amadi mkono, akanong'ona kitu. Msiu Amadi akamjibu kwa adabu ya mfiwa: Mungu akulipe kwa kufika. Nikampakulia, kwa wingi. Nyuma yake wakaja wawili, wakaja kumi, wakaja wale wa Ambanja, akaja wa fulana iliyogeuzwa, mikono kaikunja kifuani kuificha. "Pole, Msiu." "Mungu akupe subira." "Tumeumia sote." Bi Fatuma alikaa pembeni ya mumewe akipokea wanawake, mtandio ukimtikisika kwa kicheko ambacho kwa mbali kilifanana na kilio. Kitu kibaya kuhusu binadamu ni kwamba baada ya nusu sahani wengine walianza kuhuzunika kwelikweli.

Dakika kumi zilipokwisha, Msiu Felisi alikuja mwenyewe. Wanaume wake wanne walikuwa wameshakaa mkekani, mabeseni wameyaacha ukutani.

"Binti," akasema polepole, "nilikuambia nini?"

"Uliniambia chakula ni chakula, Msiu. Kipo. Mkono kwanza, sahani baadaye."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika barabarani, na wapiga kura wa shemeji yake wakamwambia asiwazibie njia. Msiu Felisi akavua kofia, akavuka ua, akamshika mkono Msiu Amadi mbele ya kisiwa kizima, akampa pole. Nikampakulia, na siku ile haikutupwa hata punje.